Mlango Wenye Kufuli: Vijana wa Awasi na Filamu Yao

Awasi ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Kisumu, mbele kidogo ya Ahero kwa mtu aendaye Kericho. Kwetu sisi wana wa pwani, tuliozoea minazi na upepo wa chumvi, uwanda wa Kano ulitujia kama bahari iliyokauka: ardhi tambarare, mpunga, miwa, maji ya mvua yaliyotuama mitaroni, na upande wa kaskazini milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Tulifika huko kwa jambo la heri. Binti wa dada yetu ameolewa na kijana wa huko, Mjaluo aliyesilimu. Mwenyezi Mungu akawajaalia mtoto, na akika ikafanywa Kisumu mjini. Siku ya pili tukachukuliwa kwenda kumwamkia nyanya wa mkwe wetu, mama mtu mzima ambaye kila mtu pale, mkubwa kwa mdogo, humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo.

Tulidhani tutakunywa chai, tutapeana salamu na kurudi kabla ya magharibi. Tukakuta ugomvi.

Uani, chini ya mwembe, walikuwapo vijana watano, wa kike wawili na wa kiume watatu, wote wa umri wa sekondari au waliomaliza juzi tu. Walikuwa na simu moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya vijiti vitatu, kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye ukosi wa shati, na daftari la shule lililoandikwa mazungumzo kwa kalamu ya buluu. Walikuwa wakitengeneza filamu fupi juu ya afya ya akili, wapate kuwaonyesha vijana wenzao wa mtaani. Mmoja wa wasichana wale, ambaye ndiye aliyekuwa mwongozaji, alikwisha kushiriki filamu ya shule yake katika tamasha la kitaifa la drama na filamu, basi alijua kupanga picha na kuzikata. Kilichowakwamisha ni mlango mmoja wa bati, wenye kufuli kwa nje.

Nyuma ya mlango ule alikuwamo mjukuu mwingine wa Dani, kaka mkubwa wa mmoja wa vijana wale watano. Tulisimuliwa habari yake kwa sauti ya chini. Alikuwa akishika nafasi ya mbele katika hesabu. Alipofika kidato cha nne alianza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, akaacha kulala, akaacha kuoga, akawashuku hata wale waliompikia. Majirani wakatamka neno ambalo kwa Kijaluo ni zito: neko, wazimu, na mwenye nao ni janeko. Wengine wakasema amerogwa kwa sababu ya akili yake darasani. Familia ikazunguka kwa waombaji na waganga muda wa mwaka mzima, kisha ikamfikisha kwa daktari wa magonjwa ya akili mjini Kisumu. Akapewa sindano ya kila mwezi, akatulia, akawa anarekebisha redio za watu. Mafuriko ya 2024 yalipoharibu mashamba ya wengi wa Nyando, fedha za nauli na dawa zikakatika, na sauti zikarudi.

Mama yake hakumfungia kwa chuki. Barabara ya Kericho hupita karibu, na malori hayasimami usiku kwa ajili ya mtu anayezungumza peke yake. Mara mbili alimkuta katikati ya lami. Mara ya pili ndipo aliponunua kufuli.

Sasa vijana walitaka kuupiga picha mlango ule ukifunguliwa, na mgonjwa akitoka. Ndugu yake mwenyewe aliunga mkono. Mama akasimama mbele ya mlango na leso yake mabegani, akasema kwa Kiswahili ili na sisi wageni tusikie, “Mwanangu si sinema. Kesho akipona, atawatazama watu vipi?” Yule binti mwongozaji akamjibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma. “Mama, tusipoonyesha, watu wataendelea kusema amerogwa, na mwingine naye atafungiwa.”

Tukiri kwamba mioyo yetu ilikuwa upande wa mama. Sisi tumelelewa katika stara. Tumefundishwa kwamba anayemsitiri mwenziwe naye atasitiriwa, na tumejua tangu utotoni kwamba habari za ndani hazitoki nje ya pazia. Lakini tulipokaa na kutafakari, tuliona haya. Stara ni kufunika aibu na makosa. Je, ugonjwa ni kosa? Hakuna aliyewahi kumsitiri mwenye kisukari mpaka akakosa dawa. Na pwani yetu pia ina vyumba vya uani. Nani miongoni mwetu hajasikia ikisemwa kwamba fulani “ana watu wake”, au “amepandwa”, au “kichwa chake hakiko sawa, msimseme”? Nani hajaona posa ikivunjika kwa kuwa shangazi wa bibi harusi aliwahi kulazwa? Tunaficha ili binti zetu waolewe, na yule aliyefichwa hukaa gizani miaka kumi bila hata mtu kumuuliza amelalaje.

Wala hili la kumficha mgonjwa wa akili si urithi wa dini yetu. Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za Nabii Yaakub, ambaye kwa huzuni ya kumkosa mwanawe macho yake yaligeuka meupe, wala huzuni ile haikumtoa katika daraja yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha watu watafute tiba. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu pasi na sababu yoyote anayoweza kuitaja. Katika hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walitengewa sehemu yao ndani ya jengo lile lile walimotibiwa wenye homa na waliovunjika mifupa. Hawakupelekwa uani.

Kwa upande wa serikali, nchi yetu imechelewa lakini imeanza kusogea. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Juni 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho makubwa, na jukumu la huduma hizo likawekwa wazi katika mikono ya kaunti. Kisha tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinapingana na Katiba. Kifungu hicho, kilichorithiwa tangu enzi za mkoloni, kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, awezaye kufungwa hadi miaka 2. Fikiria, msomaji: kijana amefikia ukingo huo, ameokolewa, na anayemngoja kando ya kitanda ni askari. Dini yetu imekataza kujitoa uhai, na katazo hilo liko pale pale; lakini mgonjwa hutibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Pitisha macho yako katika darasa la madrasa ya mtaani kwako ukahesabu.

Basi filamu yaweza kusaidia nini? Wako wazee wanaoona kwamba kamera na simu ndizo zilizoharibu akili za watoto, na hatutawabishia moja kwa moja. Ila tuna mifano. Lupita Nyong’o, ambaye baba yake ni Profesa Anyang’ Nyong’o, gavana wa Kisumu tangu 2017, kabla hajajulikana duniani alikuwa mwanafunzi wa chuo Marekani, akarudi Kenya akatengeneza filamu ya hali halisi iitwayo In My Genes, iliyotoka 2009, juu ya maisha ya Wakenya wenye ualbino. Aliwaachia wazungumze wenyewe. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi ile: mtazamaji anaketi na mtu ambaye barabarani angegeuza uso asimwone.

Mfano wa pili uko hapa hapa pwani. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Wellcome walianzisha kampeni waliyoiita Difu Simo, jina lenye maana ya kujinasua. Hawakuleta filamu iliyotengenezwa Nairobi. Waliwaketisha pamoja watu walioishi na magonjwa ya akili, kifafa na uraibu, wahudumu wa afya, wasanii na hata waganga wa kienyeji, wakashirikiana kuitunga na kuicheza. Ilipopelekwa vijijini na kutathminiwa, watafiti waliona mitazamo mibaya ya watazamaji juu ya wagonjwa imepungua. Tunaona ni jambo la kujivunia, na tunashangaa kwamba katika mitaa yetu mingi ya Mombasa halijulikani hata kwa jina.

Hata hivyo picha ni kisu, hukata pande zote. Machi 2017 kampuni ya Netflix ilitoa tamthilia ya Kimarekani iitwayo 13 Reasons Why, juu ya msichana wa shule aliyejiua, na ikaonyesha tendo lenyewe bila pazia. Madaktari na wazazi wakalalamika kwamba kijana aliye dhaifu huweza kuiga alichokiona. Tukio lile halikuondolewa mpaka Julai 2019, zaidi ya miaka miwili baadaye, na kufikia wakati huo limekwisha kutazamwa na watoto wa dunia nzima, wetu wakiwamo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwa watengenezaji wa filamu na maigizo: wasionyeshe njia ya kujiua wala wasiieleze, wasifanye kifo kionekane ndicho suluhisho, bali waonyeshe watu wakitafuta msaada na kuupata, na wawashirikishe wataalamu na wenye kuyapitia mambo hayo. Wale vijana wa Awasi hawakuwa wameusoma mwongozo huo. Lakini muuguzi mmoja wa zahanati aliwaambia karibu maneno hayo hayo, nao walikuwa wameyaandika nyuma ya daftari.

Turudi uani kwa Dani.

Ugomvi ule ulikatwa na Dani mwenyewe, aliyekuwa ameketi kimya akipepeta mchele. Alisema neno moja kwa Kijaluo na wote wakanyamaza. Mkwe wetu akatufasiria: “Anauliza kama kuna mtu amemuuliza mwenyewe.”

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama alimlinda, ndugu yake alimtetea, wale vijana walitaka kumsaidia, na sisi wageni tulikwisha kumhurumia. Katika wote hao hakuna aliyedhani kwamba ana la kusema juu ya picha yake. Tuliporudi Kisumu usiku ule, hilo ndilo tulilolizungumza njia nzima.

Kwa kuwa tulikaa Kisumu siku nane, tulipata kuijua iliyobaki. Asubuhi moja aliyoamka akiwa na utulivu, ndugu yake aliketi naye kwenye uji akamsomea daftari lote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuna mahali wamekosea. Waliandika kwamba mgonjwa anapiga kelele na kurusha vyombo. “Mimi sipigi kelele,” alisema. “Sauti ndizo zinazopiga kelele. Mimi hunyamaza ili nizisikie vizuri.” Akaongeza kwamba hataki uso wake wala jina lake, lakini mikono yake waipige picha wakitaka, iwe inafanya kazi.

Mama naye akatoa sharti lake: mlango wa nyumba yake hautaonekana. Wakaenda kuazima mlango wa ghala la jirani.

Wakaandika upya. Badala ya mgonjwa anayepiga makelele, akawa kijana aliyekaa kitako katikati ya chumba bila kusema neno, na sauti za kila siku zinaongezeka taratibu kumzunguka: redio ya jirani, honi za lori, mvua juu ya bati, watu wanaocheka nje, mpaka mtazamaji mwenyewe anatamani ziishe. Kijana wa mtaa wa pili aliigiza nafasi hiyo. Mikono ya mgonjwa wa kweli ilionekana mara mbili, ikifungua redio kwa bisibisi na kuifunga. Kazi nzima ilikuwa ya dakika 12.

Tulialikwa siku ya kuionyesha, Jumamosi baada ya isha. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, projekta ikaazimwa kwa fundi mmoja anayeonyesha mipira ya Ulaya, na watu kama arobaini wakaja, watoto mbele kwenye mkeka. Mwanzoni walicheka. Mgonjwa alipoonekana mara ya kwanza, kicheko kilitoka kwa wepesi, kwa mazoea tu, kama watu wanavyomcheka mtu wa namna hiyo sokoni. Kisha zile sauti zikaanza kupanda. Mtoto mmoja akaziba masikio. Hapakucheka mtu tena.

Ilipokwisha, binti mwongozaji alisimama akauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Tulimwonea huruma. Ndipo dereva mmoja wa bodaboda, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia yake ya chuma mkononi, akauliza. Hakuuliza lolote juu ya filamu. Aliuliza ile sindano hutolewa siku gani, na ni shilingi ngapi. Akasema anauliza kwa niaba ya rafiki. Kila mtu akajifanya kuamini.

Yule muuguzi alikuwapo na alikuwa tayari kujibu, lakini kabla hajafungua kinywa, sauti ilitoka nyuma ya watu. Alikuwa ni mama mwenyewe, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaeleza siku ya kliniki, akasema mtu aondoke alfajiri kwa sababu foleni ni ndefu, achukue kadi ya zamani kama anayo, na asikubali mgonjwa aachishwe dawa kwa kuwa ameonekana amepona. “Wangu nilimwachisha,” alisema. “Nilidhani amepona.” Hakusema zaidi. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye wakasogeza mikeka yao upande wake.

Tumeyaandika haya kwa kuwa tumeulizwa na baadhi ya vijana wa hapa Mombasa kama yafaa nao wafanye filamu ya namna hiyo wakati wa likizo, na kama wazazi wataridhia. Sisi tunaona yafaa, kwa masharti ambayo tumejifunza kwa Dani. Mwenyewe aulizwe, siku ambayo akili yake imetulia, na akikataa iwe amekataa; akikubali leo akabadili nia kesho, picha ifutwe bila lawama. Mambo ambayo hayawezi kurudishwa yakishaingia mitandaoni yasiingie huko kabisa. Onyesho likifanywa, awepo mhudumu wa afya pale pale, kwa kuwa filamu hufungua vidonda, na si haki kuvifungua kisha kuzima taa na kwenda zetu. Na wazazi tusingoje kualikwa mara ya pili. Wanapotengeneza filamu ya huzuni, watoto mara nyingi husema jambo ambalo wameshindwa kutuambia mezani.

Kwa mwenye haja, hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa ina kitengo cha afya ya akili. Simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya na 116 ya watoto hupigwa bila malipo.

Tulipokwenda kuaga, asubuhi iliyofuata, kijana alikuwa ameketi chini ya mwembe na redio yetu ndogo ya safari mapajani. Ilikuwa imekufa tangu Mtito Andei, na ndugu yake alimwomba aitazame. Alitusalimu kwa kichwa bila kuinua macho. Kufuli lilikuwa bado likining’inia kwenye mlango wa bati, limefunguliwa. Mama alituambia hulifunga usiku tu siku hizi, kwa sababu ya malori, na kwamba Jumanne ijayo, inshallah, ana nauli ya watu wawili.